Proton, Tuta au kalenda isiyotoka simuni: ipi ikufae ukiihama Google Calendar

Miadi iliyoandikwa “CTC, saa 3 asubuhi”, ikijirudia kila mwezi, inatosha kumfichua mtu. Hakuandika jina la ugonjwa wala la dawa, lakini yeyote aliyekulia Tanzania anajua watu wanafuata nini CTC: huduma za VVU. Weka pembeni yake “Kisutu, kesi kutajwa”, “kikao cha ukoo, lile shamba”, “usaili, kazini wasijue”, halafu na tarehe ya rejesho la mkopo, na tayari una picha ya mtu ambayo hata ndugu yake wa tumbo moja huenda hana. Barua pepe kwa sehemu kubwa husimulia yaliyokwisha kutokea. Kalenda husema mtu atakuwa wapi, saa ngapi na pamoja na nani, kabla hajafika.

Watu wengi siku hizi ni makini na ujumbe. Wamehamia Signal kwa mambo nyeti, au walau wanajua kuwa WhatsApp husimba mazungumzo yao, yaani huyageuza yasisomeke bila ufunguo. Kalenda imebaki palepale simu ilipoiweka siku ya kwanza, na kwa simu nyingi za Android hapo ni Google Calendar. Ulinganisho huu ni kwa anayetaka kuihamisha na anajiuliza aende wapi: Proton Calendar ya Uswisi, Tuta Calendar ya Ujerumani, EteSync, Nextcloud ambayo mtu huiendesha mwenyewe, au programu kama Fossify Calendar ambayo haitoi kitu nje ya simu. Msimamo wangu nausema mapema. Usichague kwa sura wala kwa wingi wa vitufe. Uliza ufunguo anao nani, kisha uliza nani mwingine analazimika kuiona ratiba yako ili mambo yako yaende.

Ufunguo anao nani

Kuuliza kama kalenda imesimbwa hakutoshi, kwa sababu karibu zote zimesimbwa kwa namna fulani. Google Calendar, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2006, husimba matukio yako yakiwa njiani kutoka simu hadi seva, na huyasimba tena yakishahifadhiwa. Mwizi akibeba diski kutoka kwenye jengo la seva hataambulia kitu. Lakini ufunguo wa kuyafungua anao Google mwenyewe. Ndiyo sababu inaweza kuisoma tiketi yako ya ndege iliyoingia Gmail na kuipachika kwenye kalenda bila wewe kugusa chochote. Urahisi huo una wapenzi wengi na siwalaumu, ila ufahamu unatokana na nini.

Google ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaacha kupekua barua za Gmail kwa ajili ya kulenga matangazo. Hiyo ni ahadi, na sina sababu ya kusema imevunjwa. Tatizo la ahadi ni kwamba hudumu kadiri sera inavyodumu, na amri ya mahakama haiijali. Mwenye ufunguo akiamriwa kufungua, atafungua. Kwa taasisi kubwa zilizo kwenye mipango ya juu ya Workspace, Google inaruhusu usimbaji ambao ufunguo unabaki kwa taasisi yenyewe. Wewe na mimi wenye akaunti ya kawaida ya Gmail hatumo.

Watumiaji wa iPhone hudhani wao wamesalimika. Desemba 2022 Apple ilianza kutoa ulinzi wa ziada wa iCloud unaosimba picha, vidokezo na nakala za simu kwa namna ambayo hata Apple haiwezi kuzifungua. Ni hatua kubwa na inafaa kuiwasha. Ila vitu vitatu vimeachwa nje hata ukiwasha: barua pepe, anwani za watu, na kalenda. Sababu waliyoitoa ni kwamba hivyo vitatu lazima viongee na mifumo ya watu wengine iliyoenea dunia nzima. Kwa hiyo kalenda ya iCloud, kwa swali letu hili, iko kundi moja na ya Google.

Katika usimbaji wa mwisho hadi mwisho, tukio linafungwa ndani ya simu yako kabla halijaondoka, na ufunguo unalindwa na nenosiri ambalo kampuni hailijui. Seva inabeba kitu isichoweza kukisoma. Hapo ndipo Proton na Tuta zinapoingia, na hapo ndipo zinapoanza kutofautiana.

Proton na Tuta bega kwa bega

Proton ilianzishwa mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Ilianza na barua pepe, kalenda ikafuata kwa majaribio miaka michache baadaye. Tangu Juni 2024 mwenye hisa kuu ni taasisi isiyo ya faida, Proton Foundation. Tuta ni ya Hannover, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2011. Huduma yake ilijulikana kama Tutanota hadi Novemba 2023 ilipofupishwa jina. Kalenda yake ilitoka mwaka 2019. Zote mbili zimeweka msimbo wa programu zao, yaani maandishi ya ndani yanayoziendesha, hadharani ili mwenye ujuzi aukague.

Tofauti kubwa kuliko zote ni hii, na ajabu ni kwamba haitajwi sana: Proton husimba jina la tukio, maelezo, mahali na washiriki, lakini haifichi muda. Saa ya kuanza, saa ya kumaliza na kanuni ya kujirudia hubaki zikisomeka na seva. Wamefanya hivyo ili seva iweze kukuletea matukio ya wiki unayoifungua bila kulazimisha simu ipakue kalenda nzima. Kwa hiyo Proton haijui kwamba unaenda CTC, ila inaweza kujua kwamba una jambo kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Tuta inafunga na muda pia. Hata kikumbusho husafiri kikiwa kimesimbwa, kisha simu yako yenyewe ndiyo inayokifungua na kujiwekea kengele.

Je, hilo lina uzito? Kwa watu wengi, hapana. Mpangilio wa masaa bila majina ni taarifa finyu. Lakini mwandishi wa habari anayekutana na chanzo chake, au mwanaharakati ambaye mienendo yake ikilinganishwa na ya mwenzake inaonyesha kwamba wote wawili walikuwa na jambo saa ileile, anapaswa kulichukulia kwa uzito. Kwa mtu huyo ningesema Tuta bila kusita.

Tuta ina sifa ya pili inayotajwa kidogo. Arifa zake kwenye Android hazitegemei huduma za Google, na programu zake zinapatikana F-Droid, duka la programu huria za Android. Kwa mwenye simu ya Huawei ya miaka ya karibuni, ambayo haina huduma za Google kabisa, hii inamaanisha kikumbusho kitalia bila kuhangaika. Machi 2024 Tuta pia ilianza kuwapa watumiaji wapya usimbaji ulioandaliwa kuhimili kompyuta za kwantamu zitakapokuja kuwa na nguvu ya kuvunja hesabu za sasa. Ni jambo zuri, lakini lisiwe ndilo linalokuamulia: ratiba ya mwezi ujao haitakuwa na thamani kwa mtu yeyote baada ya miaka ishirini, isipokuwa kwa wachache sana.

Sasa upande wa Proton. Inashinda pale unapoishi na watu wengine. Mwaliko ukitoka kwa mtu wa Gmail au Outlook, Proton Mail inauonyesha, unabonyeza kukubali, unaingia kwenye kalenda, na jibu linarudi kwa aliyealika. Unaweza kumpa mtu kiungo cha kalenda yako, naye akaona kila kitu au akaona tu kwamba saa fulani una shughuli. Unaweza kufuata kalenda za nje, kama vile za sikukuu au ratiba ya timu yako. (Kuhusu sikukuu, kalenda yoyote ya kidijitali itakuwekea Idi kwa hesabu, mwezi ukiandama siku nyingine utahariri mwenyewe.) Kuhamisha kutoka Google nako kumerahisishwa: unaunganisha akaunti mbili na Proton inayavuta matukio. Watu wengi zaidi wako huko pia. Mwaka 2023 Proton ilisema imevuka akaunti milioni 100, na ukubwa huo unasaidia kwa sababu uwezekano wa kumkuta mwenzako tayari yumo ni mkubwa zaidi.

Kwa bei hazijaachana mbali. Zote zina mpango wa bure unaotosha kwa mtu mmoja mwenye maisha ya kawaida. Za kulipia, ukilipa mwaka mzima, Tuta huanzia euro 3 kwa mwezi na Proton hukaribia euro 4. Kinacholipiwa kwa kawaida ni kalenda za ziada, kushirikiana na wengine, na katika Tuta hata kualika watu kwenye tukio; soma orodha ya mpango kabla ya kutoa kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya mtandaoni inayotolewa kupitia M-Pesa.

Kuna masharti ya mpango wa bure yanayowaumiza watu wa kwetu kuliko wa Ulaya, kwa sababu simu zetu hupotea na laini zetu hukatika. Tuta hufuta akaunti ya bure isiyofunguliwa kwa miezi 6. Proton hutoa miezi 12. Mtu aliyekuwa shamba msimu mzima na simu mbovu anaweza kurudi akakuta hana kalenda.

Na kuna la nenosiri, ambalo ndilo linalowaumbua wengi. Ukisahau nenosiri la Google, unatumiwa namba kwenye simu na maisha yanaendelea. Huku kampuni haina ufunguo, kwa hiyo haina cha kukurudishia. Tuta hukupa msimbo mrefu wa kurejesha siku unayofungua akaunti. Ukipoteza msimbo na nenosiri, basi imekwisha. Proton itakuruhusu kuweka nenosiri jipya, lakini matukio ya zamani yatabaki yamefungwa mpaka uwe na maneno 12 ya kurejesha au faili ya kurejesha uliyoihifadhi mapema. Yaandike kwenye karatasi. Usiyapige picha, kwa sababu picha hiyo itapanda Google Photos usiku huohuo na utakuwa umempa Google ufunguo uliokuwa unamnyima.

Kuhusu sheria za nchi, nasikia watu wakisema “iko Uswisi” kana kwamba Uswisi haina polisi. Mwaka 2021 Proton iliamriwa na mamlaka za Uswisi, kwa ombi lililotoka Ufaransa, kurekodi na kutoa anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya mwanaharakati wa mazingira. Ikatoa. Yaliyomo kwenye barua zake hayakutolewa kwa sababu Proton haikuwa na namna ya kuyafungua. Tuta nayo, katika kesi ya utapeli wa vitisho, iliamriwa na mahakama ya Cologne kuruhusu ufuatiliaji wa sanduku moja la barua, na amri hiyo iligusa barua zilizoingia bila kusimbwa, si zile zilizosimbwa mwisho hadi mwisho. Visa vyote viwili naviona vinafundisha jambo moja: kampuni itatii sheria ya nchi yake, na kinachobaki salama ni kile ambacho haikuwa na uwezo wa kukisoma tangu mwanzo. Ndiyo maana swali la nini hasa kimesimbwa lina maana kuliko bendera iliyo juu ya jengo.

Wanaotaka kalenda ileile ya simu

Proton na Tuta haziandiki matukio yao kwenye kalenda ya mfumo wa simu. Unalazimika kutumia programu zao. Saa ya mkononi na redio ya gari zinazosoma kalenda ya simu hazitaona kitu, na Thunderbird, programu ya barua na kalenda ya kwenye kompyuta, haitaunganishwa nazo, kwa sababu hakuna kati yao inayotumia CalDAV, ule utaratibu wa kawaida wa kusawazisha kalenda uliowekwa mwaka 2007.

EteSync inafanya kinyume chake. Inasimba mwisho hadi mwisho kwenye seva, lakini kwenye Android inayaweka matukio ndani ya kalenda ya mfumo, hivyo unaendelea kutumia programu ya kalenda uliyoizoea. Kwenye kompyuta kuna daraja dogo linaloiunganisha na Thunderbird. Mwenye ujuzi anaweza hata kuiendesha seva yake mwenyewe.

Ila kuna gharama. Programu yoyote uliyoipa ruhusa ya kusoma kalenda, iwe ya kuita teksi, ya benki au ya mchezo wa mtoto, itaweza kusoma matukio hayo yakiwa wazi, kwa sababu ndani ya simu yameshafunguliwa. Ukuta wa Proton na Tuta, ambao wengi huulalamikia kuwa usumbufu, ndio unaozizuia programu hizo. Kwa hiyo anayechagua EteSync aingie kwanza kwenye mipangilio ya simu, atazame ni programu zipi zina ruhusa ya kalenda, na azinyang’anye. Kusema kweli hata asiyehama popote afanye hivyo leo.

Nextcloud hupendekezwa mara nyingi na mafundi, na nadhani hupendekezwa kuliko inavyostahili kwa mtu wa kawaida. Ilitokana na ownCloud mwaka 2016, ni programu huria, na kalenda yake inasawazishwa na Android kupitia programu ya kusawazisha iitwayo DAVx5. Lakini kalenda hiyo haisimbwi mwisho hadi mwisho. Yeyote anayesimamia seva anaweza kuisoma. Kama seva ni yako, iko kwako, na unajua kuifanyia matengenezo, hilo halina shida. Kama umekodi nafasi kwa mtu mwingine, umebadilisha tu jina la mwenye ufunguo. Shirika dogo lenye fundi wa kuaminika linafaidika nayo. Mtu mmoja mwenye simu moja na umeme unaokatika haimfai.

Kalenda isiyotoka simuni

Hii watu huiruka haraka na ni kosa. Fossify Calendar hufanya kazi bila intaneti kabisa. Haina akaunti, haina seva, haina nenosiri la kusahau, na haili bando. Ilizaliwa baada ya programu za Simple Mobile Tools, zilizopendwa kwa urahisi wake, kuuzwa mwishoni mwa 2023 kwa kampuni nyingine. Baadhi ya waliokuwa wakizitengeneza walichukua msimbo ule huria wakauendeleza kwa jina jipya bila matangazo.

Kwa mtu anayetumia simu moja na asiyehitaji kushirikiana na yeyote, sijaona kalenda ya faragha kuliko hii. Hakuna kampuni ya kuamriwa kutoa kitu isichokuwa nacho. Simu ikiwa na namba ya siri ya maana, data iliyomo imesimbwa na simu yenyewe. Anayeandika miadi ya kliniki, ya mwanasheria au ya mshauri nasaha, ambayo hamwambii mtu, anaweza kuishia hapa na asome kilichobaki kwa faida ya wengine.

Udhaifu wake ni mmoja na ni mkubwa: simu ikiibwa Kariakoo, kalenda imekwenda nayo. Dawa ni kutoa mara kwa mara nakala ya kalenda kama faili la ICS, faili la kubebea kalenda, na kuliweka kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, mahali palipofungwa. Faili hilo halijasimbwa, kwa hiyo usijitumie kwa WhatsApp ukaliacha humo.

Nani achague nini

Familia iliyotawanyika, kaka Muscat, dada Minneapolis, mama Tanga, inahitaji kalenda moja ya pamoja inayojua kwamba saa 2 usiku ya Tanga ni saa 3 usiku ya Muscat. Hapo Proton ndiyo jibu, kwa sharti kwamba wote wafungue akaunti. Mmoja akibaki Gmail na akaalikwa kwa barua pepe, maelezo ya tukio yanafika kwa Google yakiwa yanasomeka, na kazi yote ya kusimba imevunjika kwenye mlango wake. Hili ndilo shimo gumu kuliziba, kwa sababu mwaliko wa kawaida wa kalenda ni barua ya kawaida. Unachoweza kufanya ni kuandika mwaliko kwa ufupi, “kikao, saa 10 jioni”, na maelezo nyeti ukayapeleka kwa Signal. Kiungo cha kalenda nacho kitunze: mwenye kiungo kamili anaona kila kitu, na kikitumwa kwenye kundi la familia lenye watu sitini huna kalenda ya siri tena.

Mwajiriwa ambaye ofisi yake inaishi ndani ya Google Workspace au Outlook asijaribu kuihamisha ofisi. Vikao vya kazi abaki navyo kazini, na ya kwake ayaweke kwenye Tuta au Fossify. Wapo wanaotaka kila kitu kwenye skrini moja, na naelewa, lakini akaunti ya kazi ni mali ya mwajiri na msimamizi wake anaweza kuitazama. Miadi ya uzazi wa mpango au ya usaili wa kazi nyingine haina sababu ya kuwa humo.

Daktari mwenye kliniki ndogo, wakili, mshauri nasaha, mwalimu wa madrasa anayeandika majina ya watoto na wazazi: hawa wanashika siri za wengine, na nawasihi walitazame jambo hili kabla ya wengine wote. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Zote mbili zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na zote zina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Kuhamia Proton au Tuta hakukuondolei wajibu huo, maana seva bado ziko Ulaya, lakini kunapunguza sana madhara seva ikidukuliwa. Ningechagua Tuta kwa kliniki, kwa sababu ya kufunga muda pamoja na majina, na bado ningeandika namba ya faili badala ya jina la mgonjwa. Skrini iliyofungwa huonyesha kikumbusho chote, na simu iliyoachwa mezani hapo mapokezi inasomwa na kila anayepita. Kuzima maelezo ya arifa kwenye skrini iliyofungwa ni kazi ya dakika moja, na huwa inaokoa zaidi ya usimbaji wowote.

Mwenye mtandao wa kubahatisha afanye jaribio kabla ya kuamua: apakue Proton na Tuta zote mbili, aingize matukio machache, azime data, kisha afungue kila moja na ajaribu kusoma na kuongeza tukio. Programu hubadilika kila toleo, na simu yako ndiyo itakayokupa jibu la kweli kuliko maelezo ya dukani.

Kuhama bila kupoteza kitu

Kabla ya kuingia popote, hakikisha unajua pa kutokea. Skiff ilikuwa huduma changa ya Marekani yenye barua pepe na kalenda iliyosimbwa, na ilisifiwa sana. Februari 2024 ilinunuliwa na kampuni ya Notion, watumiaji wakapewa miezi sita kuondoa vitu vyao, kisha ikafungwa. Waliookoka bila hasara ni wale waliojua kutoa faili la ICS, umbo la kawaida la kalenda ambalo kila huduma iliyotajwa hapa inalielewa. Lijue umbo hilo kabla hujalihitaji. Katika Tuta, kuingiza na kutoa faili hizo kumewekwa kwenye mipango ya kulipia, kwa hiyo anayetaka kubeba miaka mingi ya ratiba aweke gharama ya mwezi mmoja kwenye hesabu.

Kutoka Google tumia kompyuta, si simu. Kwenye mipangilio ya kalenda kuna sehemu ya kuingiza na kuhamisha nje. Itakupa faili la zip lenye ICS moja kwa kila kalenda. Kalenda ambazo si zako, kama za ofisi au za mtu aliyekushirikisha, hazitakuwemo zote. Ukishaingiza upande wa pili, kagua kwanza yale yanayojirudia, kwa sababu ndiyo huharibika: kikao cha kila Ijumaa ya mwisho ya mwezi, siku za kuzaliwa, tarehe za marejesho. Kagua pia vikumbusho, kwa maana mara nyingi tukio huhama na kengele yake hubaki.

Ziendeshe zote mbili kwa wiki chache, lakini matukio mapya yaandike upande mpya tu. Zima kwenye Gmail ile tabia ya kuongeza matukio yenyewe kutoka kwenye barua. Futa kiungo chochote cha siri cha kalenda ya zamani ulichowahi kumpa mtu au programu. Mwisho, futa matukio yenyewe kutoka Google, hatua ambayo wengi hawaifikii na hivyo miaka yao yote ya nyuma hubaki ilipokuwa. Kwa sera ya Google, kufutika kabisa kwenye mifumo yake huchukua takriban miezi 2, na kwenye nakala zake za akiba huweza kufika miezi 6, kwa hiyo anayeanza leo ahesabu kuanzia leo.